Kwa Nini Watu wa Hoshikura Huinamia Barabara

Msiwaone watu wa Hoshikura, kule kwenye milima ya Japani, wakitambika mara mbili kwa mwaka mkadhani ndivyo walivyoanza. Zamani hekalu lao la Kishinto la waliokufa vitani lilikuwa na tambiko moja tu, la majira ya kuchipua. Kuhani alisoma majina, watu wakainama mbele ya hekalu, wakapiga makofi mawili ili mizimu isikie, kisha wakaenda zao kulima.

Wakati huo aliishi mjane aitwaye Otsune, na mwanawe wa pekee, Genzo. Vita vikamchukua Genzo. Baadaye ikaletwa shali ambayo Otsune alimfumia kwa mkono wake, imefungiwa majivu. Mama wa watu alilia hata sauti ikamkauka. Jina likaingizwa hekaluni, naye kwa miaka mitatu akapeleka wali na samaki wa chumvi, akimpasha mzimu wa mwanawe habari za nyumbani: paa linavuja, jirani kajifungua mapacha.

Mwaka wa nne, mpunga ukivunwa, Genzo akaingia uani akichechemea. Kumbe alikuwa ametekwa.

Otsune alimkodolea macho. Furaha na hofu zilimpanda kwa pamoja, asijue ashike lipi.

"Kama wewe u hapa, mwanangu, yale majivu yaliyoletwa ndani ya shali yako ni ya nani, na kule hekaluni nimekuwa nikimlisha nani?"

"Mama, ile shali nilimpa mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Jina sikumuuliza. Hata kama ni mwenzetu au adui sijui, ukungu ulikuwa mzito."

Kuhani naye alichanganyikiwa, na kuhani akichanganyikiwa, muumini afanyeje? Wanakijiji wakaanza kumkwepa Genzo. Mchumba wake akakataa kupokea hata maji mkononi mwake. Mtu hawezi kuwa mzimu na jirani kwa wakati mmoja, walisema. Jina lifutwe na sadaka ikome, ama sivyo Genzo ahame.

Otsune hakulala siku mbili. Mwanawe alimtaka, tena sana. Lakini yule mwingine alikuwa amemsikiliza miaka mitatu bila kulalamika.

"Jina lifuteni," akasema. "Mwanangu ni huyu. Sadaka siikomeshi."

Sasa ampelekee wapi mtu asiye na jina? Alizunguka na sinia lake, huku na huku, mwisho akaliweka langoni mwa hekalu, akaigeukia barabara na kupiga makofi mawili.

"Sikujui. Nilikuita kwa jina la mwanangu, ukavumilia. Mama yako akija kukutafuta, atapitia hapa."

Akainama. Genzo akainama kando yake. Wanakijiji, wasijue la kufanya, nao wakainama.

Na tangu siku hiyo, kila mavuno, watu wa Hoshikura huligeuzia hekalu mgongo wakainamia barabara. Ukiwauliza wanamwinamia nani, watakuambia hawajui. Na mbele yao hutandika mkeka mmoja usiokaliwa na mtu. Huo ni wa mama yake.