Mzee Aliyechokonoa Nozeli

Wapendwa, palikuwa na familia kumi na moja zilizolima vitunguu bondeni, zikanywesha mashamba yao kwa mashine moja ya dizeli iliyovuta maji kutoka mtoni. Wakamchagua mtu mmoja awe mtunza mashine. Unajua walimchagua kwa nini? Alikuwa mzee wa kanisa. Injini hakuijua. Lakini ndivyo tulivyo, tukimwona mtu anashika Biblia vizuri tunadhani na spana ataishika vizuri.

Asubuhi moja mashine ikawa ngumu kuwaka, ikatoa moshi mweupe. Mzee alishasikia kwamba moshi wa namna ile mara nyingi ni nozeli, vile vidude vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Angeweza kumwita fundi. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wameanza kumwita yeye fundi, na jina hilo lilimkaa vizuri. Basi akasubiri wenzake waende mashambani, akazifungua nozeli zote mbili, akachomoa uzi mmoja wa kebo ya breki ya baiskeli yake, akavichokonoa vitundu vyake. Alichokonoa mpaka akaridhika.

Ndugu zangu, tundu la nozeli ni dogo kuliko la sindano, na limetobolewa kwa kipimo. Likiwa zima, dizeli inatoka kama ukungu na kushika moto. Ukilipanua, dizeli inamwagika tu. Toka siku ile mashine ilizungushwa hendeli mpaka mikono ikafa ganzi, na ikiwaka inakohoa dakika tano halafu inazimika.

Fundi akaitwa kutoka mjini. Kabla hajafungua chochote alizungusha hendeli, akasikiliza, akautazama moshi, kisha akauliza.

"Mzee, nozeli hizi zimeshawahi kufunguliwa?"

Kikundi kizima kilikuwa kimesimama pale. Mzee aliwatazama, akahisi uso unapata moto.

"Nozeli hazina shida. Mwezi uliopita nilizipeleka mjini zikapimwa. Wewe tafuta kwingine."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Yalimtoka. Nawauliza ninyi mlioketi hapa, hayajawahi kukutoka maneno ya namna hiyo, ukabaki unayashangaa mwenyewe? Na yakishatoka, nani ana nguvu ya kuyarudisha?

Fundi akaamini. Angeanzaje kumtilia shaka mzee wa kanisa? Siku ya kwanza akabadilisha chujio la dizeli, akatoa hewa kwenye mabomba. Siku ya pili akashusha tangi, akaliosha. Siku ya tatu akafungua pampu ya dizeli, akaenda nayo mjini ikapimwe. Mzee alikuwepo siku zote tatu, akipokea spana, akishikilia bomba, akitikisa kichwa kama mtu aliyeshangaa. Ndani yake kila nati iliyofunguliwa ilimuumiza, maana alijua ugonjwa hauko huko.

Na vitunguu je? Vilikuwa vimeanza kuvimba chini, wakati ambao ukivinyima maji wiki moja umeviua. Kulikuwa na mama mmoja mjane, na kijishamba chake ndicho pekee alichokuwa nacho duniani. Yeye hakungoja. Alibeba maji kwa ndoo kutoka mtoni, kichwani, toka alfajiri mpaka jua linazama, akimwagilia shina kwa shina. Kila alipopita kwenye mashine aliuliza.

"Mzee, mashine imesemaje leo?"

"Fundi anashughulikia pampu, mama."

"Haya. Tunaomba."

Siku ya tano wakakusanyika kweli kuomba. Na nani aliombwa aongoze? Ni huyo huyo. Akapiga magoti kwenye udongo mkavu, akaomba vizuri kuliko alivyowahi kuomba maishani. Akasema, Bwana, mfunulie fundi ugonjwa wa mashine hii. Akina mama wakalia. Yeye mwenyewe akalia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Fikiri hilo, mpendwa. Mtu anamwomba Mungu afunue kitu ambacho yeye amekikalia.

Siku ya saba pampu ikarudi. Ilikuwa nzima. Wakaifunga, mashine ikakohoa, ikazimika.

Siku ya nane mzee alimkuta yule mama amekaa kwenye tuta, ndoo imelala kando yake.

"Mama, leo hubebi maji?"

"Nimeacha, mzee. Ng'oa hata wewe uone. Nilikuwa nanywesha maiti."

Hakumlaumu. Ndicho kilichommaliza. Angemtukana, pengine mzee angepata cha kujitetea. Akaondoka pale, akaenda moja kwa moja kwa fundi, aliyekuwa anakusanya vifaa vyake ili aende zake.

"Fundi, nozeli sikuzipeleka mjini. Nilizichokonoa mwenyewe, kwa waya wa breki."

Fundi akaweka spana chini.

"Mzee wangu, mliponipigia simu mkanieleza ule moshi, nilijua ni nozeli. Siku ile nakuuliza, nilikuwa na mbili mpya za mashine hii hii ndani ya begi. Ilikuwa kazi ya saa moja. Uliposema zimepimwa, nilikwenda kumfungia mtu wa ng'ambo ya mto. Za kwenu sasa mpaka ziagizwe. Wiki mbili."

Mzee aliita kikundi, akakiri yote mbele yao, akajivua utunzaji wa mashine. Na walimsamehe. Hata yule mama alimsamehe, akampa mkono. Lakini bonde lilibaki vile vile, limekauka kutoka mtoni mpaka barabarani, na hakuna aliyevuna mwaka ule.

Sasa sisi. Tunaingia hapa kila juma na tunaungama. Tunaungama chujio, tunaungama tangi, tunafungua pampu yote na kuiweka mezani, machozi yanatutoka, na watu wanasema huyu ana toba. Ila kile kimoja tulichokichokonoa kwa mkono wetu, tukiulizwa, tunasema hicho hakina shida, tafuta kwingine. Nyumba inazimika. Ndoa inawaka asubuhi, mchana imezimika. Nasi tunasimama mbele ya wote na kuongoza maombi.

Najua mnataka niwaambie kwamba Mungu anasamehe. Anasamehe, hilo sina ubishi nalo, hata wale wakulima walisamehe. Lakini vitunguu havikujua kwamba mzee amesamehewa. Kwa hiyo leo sikuulizi kama utasamehewa. Nakuuliza, wakati wewe unatunza jina lako, ni nani anabeba maji kwa ndoo kichwani kwa ajili yako, na amebakiza siku ngapi kabla hajaketi chini?