Kishungi na Tenga la Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Nyinyi wa nyuma mnatafuna mihogo au mnaitikia? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hii si hadithi ya kuchekea, nasema mapema. Anayetaka kucheka aende kwa mwingine.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanajibizana na watu, palikuwa na sungura jike, jina lake Kishungi. Si yule sungura mjanja wa porini mnayemjua. Huyu alikuwa sungura wa kufugwa, amezaliwa bandani, amezalia bandani. Aliyemfuga ni Bi Siwema, mama mtu mzima aliyeishi peke yake. Kishungi alikuwa na watoto watatu: Pamba, Kijivu, na kitinda mimba Kidoa. Kidoa alikuwa msikivu. Ukimwita mara moja, yuko miguuni pako.

Kila siku jua likipungua makali, Bi Siwema aliwatoa bandani. Aliwaweka kwenye majani uani. Aliwafunika kwa tenga, lile tenga kubwa la fito la kufunikia kuku. Juu ya tenga, jiwe. Kando ya tenga, kigoda. Juu ya kigoda, Bi Siwema mwenyewe, anachambua mchele. Hivyo ndivyo sungura wale walivyocheza nje.

Sasa paka wa jirani alikuwa na mazoea mabaya. Akipita, anaingiza mkono kwenye matundu ya tenga. Chwa! Kucha hizo! Basi Kishungi akawafundisha wanawe. Akimwona paka, anapiga mguu wa nyuma chini, anaimba:

"Pu! Pu! Katikati!
Ukingoni kuna kucha,
katikati kuna mama."

Watoto mbio mpaka katikati ya tenga, wanajikunyata chini ya tumbo la mama yao. Paka ananyoosha mkono, haufiki. Ananuna, anakwenda zake. Kila siku hivyo. Pu! Pu! Katikati! Watoto walilijua neno hilo kabla hawajajua kutafuna majani.

Uani alikuwapo pia Mbuzi jike, amefungwa kamba kwenye kisiki. Mmewahi kumwona aliyefungwa akimcheka aliyefunikwa? Ndiye huyo.

"Mama Pamba," akasema Mbuzi, "mmefunikwa tena kama ndizi za kuvumbika. Mtaiva lini?"

"Tunacheza, shoga."

"Mnacheza! Watoto hawajui hata kukimbia. Mtazame huyo mdogo. Mama gani wewe?"

Neno hilo lilimchoma Kishungi. Akamtazama Kidoa. Ruka, ruka, gu! Kichwa kwenye fito. Ruka, ruka, gu! Kweli, tenga lilikuwa dogo na watoto walikuwa wanakua. Alichokitaka hakikuwa kibaya, msimlaumu hapo. Mtamlaumu mbele.

"Bi Siwema," akasema, "tufunulie. Wanangu miguu inadumaa."

"Na mwewe je?"

"Si wewe upo?"

Bi Siwema akafikiri. "Nitawajengea uzio mpana, na juu yake wavu. Mtakimbia humo mpaka mchoke. Nivumilie tu mpaka mwezi uandame, nipate kukata fito."

"Mwezi uandame! Watoto wanakua leo, Bi Siwema!"

Kishungi akagoma kula. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu Bi Siwema akamwonea huruma, akaliondoa tenga, akaliegemeza ukutani kwa jiko.

Lo! Mngewaona! Watoto fyu! mpaka kwenye mchaichai. Fyu! mpaka bandani. Kidoa aliruka juu, akajipinda hewani, akatua anatazama alikotoka, akashangaa mwenyewe. Kishungi alicheka mpaka masharubu yakamtetemeka. Hajapata kufurahi vile maisha yake yote. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linauma.

Lakini hakuwafundisha neno jipya. Siku tatu nzima za kukimbia, hakuwaambia, "Wanangu, huku nje mkiona hatari, ingieni kichakani." Aliona wanajua la kufanya. Mguu ukipigwa, katikati. Basi.

Siku ya nne, hodi! Jirani yuko mlangoni, anataka kuazima ungo.

"Kaeni hapo, sikawii," akasema Bi Siwema.

Mnazijua salamu zetu. Habari za nyumbani, habari za mgonjwa, habari za mvua. Kigoda kikabaki kitupu.

Kivuli kikapita juu ya majani. Kishungi akainua macho. Mwewe!

Pamba na Kijivu walikuwa chini ya banda. Kidoa alikuwa ndani ya mchaichai, hata ncha ya sikio haionekani. Mwewe hakumwona. Nisikilizeni vizuri: mwewe hakumwona! Alikuwa anazunguka tu, anapita zake.

Mguu wa Kishungi ukapiga wenyewe.

"Pu! Pu! Katikati!
Ukingoni kuna kucha,
katikati kuna mama."

Kabla Pamba na Kijivu hawajageuka, Kidoa akatoka kwenye mchaichai. Mbio, mbio, mtoto msikivu, mpaka katikati ya uani, pale pale palipokuwa panakaa tenga, majani bado yamelala duara. Akajikunyata ubavuni mwa mama yake.

Ndipo Kishungi alipoinua kichwa akaona hakuna fito. Hakuna kitu juu yao. Ni mbingu tupu.

"Rudi!" akapiga kelele. "Kidoa, rudi kichakani!"

Kidoa akamtazama. Hilo hakuwahi kufundishwa. Akatulia, kama alivyofundishwa.

Fyuuu! Nyaka!

Mbuzi akalia. Bi Siwema akaja mbio, ungo mkononi, akaurusha hewani. Ungo ukaanguka. Mwewe alikuwa ameshavuka miti.

Yakabaki manyoya machache kwenye majani, na Kishungi kando yake, hasogei.

"Mimi nilisema tu," akanong'ona Mbuzi. "Nilikuwa natania, shoga."

"Ndiyo, ulisema tu," akajibu Kishungi. "Aliyepiga mguu ni mimi."

Bi Siwema alikata fito huku analia. Mwezi ulipoandama, uzio ulikuwa tayari, mpana, na wavu juu. Ulikuwa uzio mzuri kwelikweli. Watoto wawili walikimbia humo mpaka wakachoka.

Siku moja Pamba akaja kukaa mbele ya mama yake. "Mama," akauliza, "Kidoa alikosa nini?"

Kishungi aliutazama wavu juu yao.

"Hakukosa kitu," akasema. "Alinisikiliza."

Pamba akamtazama. Kisha akaondoka, akaenda kukaa na Kijivu, upande wa pili wa uzio.

Nanyi wazazi, na nyinyi watoto, mafunzo ni haya. Mtoto wa bandani ana haki ya kutoka, asiwadanganye mtu. Lakini ukimtoa, weka kifuniko juu, weka pa kujificha, weka jicho lisiloondoka kwenye kigoda. Na kabla ya yote hayo, mfundishe upya, maana neno lililomwokoa ndani laweza kumuua nje.

Hadithi yangu inaishia hapo, na imeniuma kuisema. Nendeni mkatazame mabanda yenu.