Firigisi ya Jogoo wa Bi Kidawa

Hapo zamani, na sisemi zamani ya wafalme na majini, nasema zamani ambayo kabichi zilishaanza kupanda lori, mwanamke mmoja aitwaye Stamili alikuwa amekaa mlangoni kwake katika kijiji cha Kwemboza, milimani Usambara, akichambua maharage. Alikuwa amefika katikati ya ungo. Ndipo Mbelwa, mchukuzi wa mboga, akatokea mbio na toroli lake tupu.

"Dada Stamili! Gari la kumchukua Bi Kidawa limefika Kizingani. Wanapakia!"

"Si walisema Jumamosi?"

"Walisema Jumamosi, wamekuja leo. Dereva anataka kuingia Tanga kabla ya giza."

Stamili akaweka ungo chini. Maharage yale hayakuliwa jioni ile.

Sasa niwaeleze habari ilivyokuwa. Bi Kidawa alikuwa dada mkubwa wa Bi Mwanahawa, na Bi Mwanahawa alikuwa mama mkwe wa Stamili. Dada mmoja aliishi Kizingani, barabara ya magari inapoishia. Mwingine aliishi Kwemboza, ng'ambo ya kilima. Kati yao palikuwa na njia moja, nayo watu waliiita Kivunjagoti. Miaka saba iliyopita Bi Mwanahawa alianguka, nyonga ikavunjika, na miguu ikakataa kazi. Wanaume wanne walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali na kumrudisha. Aliporudi akaapa: "Nitapanda machela mara moja tena tu, na siku hiyo sitakuwa na la kusema."

Basi ikawa miaka saba ya kutumiana salamu, chumvi na umbea kwa vinywa vya wapita njia. Sasa Bi Kidawa alikuwa anahamishiwa Tanga kwa mwanawe, akiwa na miaka themanini na ushee. Wasipoonana leo, hawaonani tena. Hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu.

Ila safari hii palikuwa na njia nyingine.

Mwaka ule kijiji kilichonga njia tatu za matembezi, za wageni na za wenyeji, kila moja na mawe yake ya rangi. Mawe mekundu yalipanda hadi Jabali la Ng'ombe, kwa wenye mapafu. Mawe ya njano yalipita mashambani hadi kwenye maporomoko, kwa wenye subira. Mawe meupe yalizunguka kilima polepole hadi Kizingani, kwa wazee, wajawazito, wenye magongo na wenye magurudumu. Kamati ya wanaume tisa iliitembea njia nyeupe mwanzo hadi mwisho, ikarudi ikasema: inafaa kwa watu wote. Siku ya kuifungua, Zaina, fundi cherehani, aliyepooza mguu mmoja tangu utoto, akaanguka na gongo lake kwenye kona ya pili, mbele ya wageni. Alipoinuliwa, kabla ya kujipangusa, akawaambia kamati: "Mmeipima kwa miguu yenu."

Ikabidi njia irudiwe. Ilirudiwa vipi na kwa jasho la nani, wenyewe watawaambia huko mbele. Sasa ilikuwa imepita miezi miwili tangu ikamilike, na miezi yote miwili Bi Mwanahawa alikuwa anasema, "Kesho."

Stamili akaingia ndani. Kiti cha magurudumu kilikuwapo. Zahanati ilikileta miaka minne nyuma, na kwa kuwa hapakuwa na pa kukipeleka, Stamili alikifanya ghala la vitunguu. Akavimwaga vitunguu sakafuni, vikabingirika hadi uvunguni mwa kitanda.

"Mama, gari la dada yako limefika. Tunakwenda sasa hivi."

Bi Mwanahawa akajitazama. "Nipe ile kanga ya bluu."

"Mama, gari linaondoka!"

"Siendi kuagana na dada yangu na kanga yenye masizi. Nipe ya bluu."

Stamili akatoa ya bluu. Sanduku akalifunga kwa kishindo.

Nje, Mbelwa alikuwa amesimama. Magunia yake matatu ya kabichi yalikuwa njia panda yakingoja safari ya pili, na lori la mboga lilikuwa Kizingani tayari limewashwa. Akatazama njia panda, akatazama kiti. Stamili hakumwomba. Mtu haombi kitu kama hicho.

"Lete kanga ya kumfunga kiunoni asiteleze," Mbelwa akasema, akashika mishikio ya kiti.

Wakaenda. Stamili alitangulia akipiga teke vijiti na kokoto. Bi Mwanahawa alihesabu mawe meupe kwa sauti, ili macho yasiteremke bondeni. Moja. Mbili. Tatu. Walipopita shamba la viazi la mzee Shekiondo, mwenyewe alikuwa analima. Akasimamisha jembe, akavua kofia. Ishirini na tisa. Thelathini. Hapo njia inapita ukingoni kabisa, chini unaona mapaa ya nyumba kama visanduku vya kiberiti. Bi Mwanahawa akashika gurudumu kwa mkono.

"Nirudisheni."

"Mama, utaumia vidole."

"Nimesema nirudisheni. Naogopa."

Mbelwa akasimama, anahema. Stamili akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, nakuambia kweli. Kurudi tutapita kwenye kona kumi na moja, kwenda zimebaki kumi na moja. Woga ni ule ule. Chagua wewe."

Bi Mwanahawa akatoa mkono kwenye gurudumu. "Thelathini na moja," akasema.

Gari lilikuwa bado lipo. Bi Kidawa alikuwa amekaa kiti cha mbele, kapu mapajani, na ndani ya kapu jogoo mwekundu amefungwa miguu. Alipoona kiti kinakuja akafungua mlango mwenyewe.

"Kumbe umezeeka hivi!" akasema.

"Na wewe umekonda kama uzi wa Zaina. Huko Tanga watakulisha?"

"Angalia kijana wa watu anavyohema. Umekuwa mzito, Mwanahawa."

"Miaka saba nimekaa, ulitaka niwe mwepesi?"

Kisha wakashikana mikono. Dereva akatazama saa, akawatazama, akazima gari. Lori la mboga halikumngoja mtu; liliondoka wakati ule ule. Stamili alikaa juu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuwa na kazi mkononi. Alishukuru. Alimshukuru Mungu kwanza, halafu akaanza kushukuru watu, akaona orodha inakuwa ndefu.

Saa nzima walikaa. Walipoachana, Bi Kidawa alimwekea mdogo wake lile kapu mapajani. "Mleni leo. Mkimfuga atakuwa wa kumbukumbu, na mimi sijafa."

Ndivyo jogoo alivyorudi Kwemboza kwa njia ya mawe meupe, na jua lilipoanza kuzama alikuwa chunguni. Stamili akamwita Mbelwa. Akamwita Zaina. Akamwita mzee Shekiondo. Mumewe, Hoza, akafika kutoka kupasua mbao, akakuta mkeka umejaa.

Na nyinyi mnajua desturi. Jogoo ana mapaja mawili, mabawa mawili, lakini firigisi ni moja. Siku zote hiyo ni ya mume mwenye nyumba. Jioni ile Hoza alinusa mchuzi, akatazama mkeka, akasema, "Leo mimi nimekuta kuku yuko chunguni. Sina hata unyoya niliong'oa. Mke wangu, mpe anayestahili."

Stamili akachota firigisi kwa upawa. Akausogeza upawa kwa mzee Shekiondo.

"Sawasawa," mzee akasema. "Njia ilifika shambani kwangu ikakwama. Juu mwamba, chini genge. Nilitoa matuta matatu, na viazi vikiwa vichanga kama golori. Ardhi hiyo hiyo nilimnyima ndugu yangu wa tumbo moja. Mke wangu hakunisemesha wiki mbili. Bila ardhi, njia inapita hewani?"

Upawa ukarudi. Stamili akausogeza kwa Zaina.

"Ardhi umetoa, mzee wangu, ahsante," Zaina akasema. "Lakini kamati ilikuwa na ardhi na mimi nikaanguka. Nani alijaza beseni maji pomoni, akaliweka kwenye kiti hicho cha Bibi, akawaamuru wasukume? Kila maji yalipomwagika nikaweka jiwe, nikasema chimbeni upya. Mawe arobaini na moja. Kila kona iliyochimbwa niliijaribu kwa gongo langu, na magoti haya nimeyachuna mara sita, na wanaume walinicheka. Bila kipimo, Bibi angekuwa bondeni."

Upawa ukarudi. Stamili akausogeza kwa Mbelwa.

"Mimi sina maneno mengi," Mbelwa akasema. "Njia ilikuwapo, kipimo kilikuwapo. Leo alikuwapo nani? Nyinyi mliitengeneza mkiwa na nafasi. Mimi niliambiwa na saa: Bibi au kabichi. Zile kabichi wamezila mbuzi wa mzee Shekiondo."

"Mbuzi wangu?" mzee akashtuka.

"Wako, mzee. Wameshiba."

Watu wakacheka, na upawa ukarudi. Hapo Bi Mwanahawa akakohoa.

"Na mimi je? Ardhi haiogopi. Beseni haliogopi. Mbelwa alikuwa nyuma ya kiti, bonde halioni. Aliyekaa mbele, miguu haimtii, akiliona bonde lote, ni nani? Pale jiwe la thelathini ningesema hapana mara ya tatu, ardhi yenu, kipimo chenu na kabichi zenu vingekuwa kazi bure. Njia haimalizwi mpaka aliyeogopa apite."

Mtoto mkubwa wa Stamili akasema, "Mama, ikate vipande vinne."

"Ukiikata si shukrani tena," Bibi akajibu, "ni mboga."

Zaina akamgeukia Stamili. "Na wewe, shoga? Miaka saba unamnyanyua mama wa watu."

"Mimi nimeshika upawa," Stamili akasema. "Mpakuaji hajipakulii firigisi mbele za wageni. Na msinipotezee wakati, mchuzi unapoa."

Akapakua vingine vyote. Ugali ukakaa katikati, unatoa mvuke. Akahesabu watu kama anavyohesabu kila jioni: Bibi, Hoza, watoto wawili, mzee Shekiondo, Zaina, Mbelwa, na yeye mwenyewe wa nane. Wametimia. Miaka saba sahani ya Bibi ilipelekwa chumbani. Leo ilikuwa mkekani, na mwenyewe ameketi kwenye kiti chake, kanga ya bluu, na kipande kimoja cha ganda la kitunguu kimemnasa mgongoni.

Mikono imenawishwa. Firigisi imo upawani, na upawa uko hewani.

Haya, mnaonisikiliza, msiniambie wote walistahili. Hilo Stamili alilijua, ndiyo maana aliwaita wote. Firigisi ni moja, na watu wana njaa. Aliyetoa ardhi, aliyepima njia kwa magoti yake, aliyeacha kabichi, au aliyeogopa akapita? Je, ungekuwa wewe umeshika upawa ule, ungeuteremsha kwenye sahani ya nani?