Chumvi Ina Jirani

Chumvi ina jirani, dawa ina mwenyewe. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo yule jirani mwema aliyeniletea vidonge vyake vya magoti, mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Sogeeni, wajukuu zangu. Ulizaliwa hivi.

Huko milimani Upare waliishi wajane wawili, Nakijwa na Senzia. Nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu. Aliyekosa chumvi alimwita mwenzake. Aliyezimikiwa na moto alifuata kaa. Hawakujua kunyimana. Wote wawili walikuwa na presha, na kila mmoja alikuwa na vidonge vyake kutoka zahanati.

Asubuhi moja Senzia alimkuta Nakijwa ameshika ukuta.

"Wee dada, unajifunza kutembea uzeeni?"

"Usinichekeshe, mwenzangu. Kichwa kinazunguka."

"Hiyo presha imepanda. Mimi huwa hivyo hivyo."

"Lakini kidonge changu nimeshakunywa."

"Chako kidogo. Ngoja nikuletee changu, kina nguvu."

Vidonge vya Senzia vilikuwa karibu kwisha, na bado alimpa. Akamshikia kikombe cha maji mpaka akameza. Mkono ule ulikuwa wa upendo mtupu.

Jua lilipopanda, Nakijwa alilegea, akaanguka jikoni, mwili baridi na jasho likimtoka. Senzia akapiga yowe. Vijana waliokuwa shambani wakaja na machela, wakambeba kuteremka zahanati, Senzia akiwafuata nyuma na kanga yake ikiburuzika.

"Presha imeshuka mno," alisema muuguzi. "Amekunywa dawa gani leo?"

Senzia aliwatazama wale vijana. Akisema, kijiji kizima kitamwita muuaji. Asiposema, je?

"Mama, mwenzako anazidi kuzama. Kama unajua, niambie."

Senzia akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti. "Alikunywa chake. Kisha nikampa na hiki changu. Nilidhani namponya."

Vijana wakaguna. Muuguzi hakuguna. Aliisoma ile pakiti, akamshika Senzia bega. "Asante, mama. Sasa najua ninapambana na nini." Akamwinua Nakijwa miguu, akamtundikia maji, akawa anampima tena na tena.

Nakijwa alipofumbua macho, alimwona mwenzake amekaa chini nje ya mlango.

"Senzia! Mbona umekaa huko kama mdai?"

"Sina uso wa kuingia. Nimetaka kukuua."

"Ulitaka nipone. Na umesema kweli mbele za watu ili nipone. Njoo unishike mkono, vidole vyangu vina baridi."

Senzia akaingia akilia. Nakijwa akamfuta machozi kwa shuka la zahanati, akasema, "Ila kuanzia leo tuelewane, dada. Chumvi ina jirani, dawa ina mwenyewe."

Muuguzi akacheka, na tangu siku hiyo akawa anawaambia hivyo wazee wote waliokuja kuchukua dawa.

Msidhani wale wajane waliacha kusaidiana. Mmoja akishikwa na kizunguzungu, mwenziwe alimketisha, akamuuliza amekula nini na amemeza nini, kisha akaita watu wa kumpeleka zahanati. Mkono wa jirani haukupungua. Ulijifunza tu pa kuishia.

Ndiyo maana mama yenu alimrudishia yule jirani vidonge vyake kwa mikono miwili, akamshukuru, akamkaribisha chai. Chumvi ina jirani, wajukuu zangu. Dawa ina mwenyewe.