Kinanda Kisichohema

"Mfuta pumzi hufuta na wimbo." Jana mliisikia methali hiyo kwa mwalimu wa kwaya, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Bukoba, na kilichoizaa ni kazi iliyofanywa kwa usafi uliopita kiasi.

Kokushubira na kaka yake Rwegasira walikuwa na karakana ndogo ya kuunda vinanda vya kidijitali. Kinanda cha mabomba cha parokia yao kilikuwa kimechakaa, mivukuto yake ya kusukuma hewa imetoboka. Kabla hakijanyamaza kabisa, walirekodi sauti zake moja baada ya nyingine ili waziweke katika kinanda kipya. Kila sauti ilitanguliwa na mvumo mfupi wa hewa, kama mzee anayeinuka kitini. Kokushubira aliuona mvumo ule kuwa uchafu, akaketi kwenye kompyuta akaufuta wote.

Kilikuwa kinanda chao cha kwanza. Paroko aliwaambia, kwa upole, kwamba kwaya isipoweza kuimba nacho siku ya sikukuu ya somo wa parokia, kitarudi karakanani. Baada ya hapo nani angewaagiza kingine?

Kwenye mazoezi kwaya iliachwa nyuma kila ubeti. Waimbaji waliingia mmoja mmoja, kama watu waliochelewa misa. Rwegasira alidhani mtambo ndio unaochelewesha sauti. Akarekebisha programu, wakaachwa zaidi.

Sikukuu ikiwa keshokutwa, Mzee Ishengoma wa besi, mtu wa mizaha, alifunga kitabu chake cha nyimbo.

"Binti, umetuletea maiti anayeimba," akasema. "Sauti anayo, pumzi hana."

Watu wakacheka. Kokushubira akamgeukia kaka yake, akamwomba arudishe sauti za mwanzo, zile ambazo hazijasafishwa.

"Turudishe uchafu, Koku?" Rwegasira akamnong'oneza. "Watu watasema hatujui kazi."

"Na wasipoweza kuimba, watasema nini?"

Akazirudisha. Mwalimu wa kwaya akainua mkono, kinanda kikavuma kidogo, na hapo Kokushubira akaona mabega ya kwaya nzima yakipanda pamoja kabla ya sauti yoyote kutoka. Miaka yote walikuwa wakivuta pumzi na kinanda bila kujua. Wimbo ukaanza kwa kinywa kimoja. Yeye akageukia ukutani, akalia.

Kinanda hakikurudi karakanani. Ndugu wale bado wanaboresha vinanda vyao, na kila kipya kinakishinda kilichotangulia. Lakini hakuna kinachofutwa kabla waimbaji hawajaitwa kuimba nacho. Na fundi mgeni akiwa na haraka ya kusafisha, Kokushubira humshika mkono taratibu, akamwambia: mfuta pumzi hufuta na wimbo.