Ufunguo wa Chumba cha Boila

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, palikuwa na mtaa ulioitwa Maguniani. Watu wake walisuka magunia ya katani katika kiwanda kikubwa. King'ora kikilia, waliingia. King'ora kikilia, walitoka. Siku moja king'ora hakikulia. Matajiri wa kiwanda walifunga lango, wakapanda gari, wakasema wanarudi sasa hivi. Mpaka leo wako njiani.

Wafanyakazi wakaondoka. Walinzi wakaondoka. Hata paka wakaondoka. Akabaki Bi Tunu Shekalaghe, mjane aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi maharage pale uani.

"Niende wapi?" alisema. "Mafiga yangu yako hapa."

Wakaja wezi wa vyuma chakavu, wang'oe mitambo na mabati. Bi Tunu akawamwagia maharage ya moto. Wakarudi wengi zaidi, wakamvunja mkono kwa nondo. Akawamwagia kwa mkono uliobaki. Hawakurudi tena. Kiwanda kikapona. Mkono nao ukapona, lakini umepinda.

Ndipo akatokea Hoza, mpiga ngoma na mchoraji aliyefukuzwa mitaa yote kwa makelele yake.

"Shikamoo, mama. Naomba pa kupigia ngoma."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upige. Hapa huna wa kumwamsha."

Hoza akawakusanya vijana wa vijiweni, akawafundisha kupiga, kucheza na kuchora. Kila Jumamosi watu wakamiminika. Ukutani akamchora Bi Tunu, upawa mkononi, kichwa kinagusa paa. Wenye magari waliokuwa wakipita Maguniani wamepandisha vioo, sasa wakawa wanashuka kupiga picha.

Lakini paa lilikuwa limeoza. Bati likaanguka, likamkosakosa mchezaji. Halmashauri ikasema jengo ni hatari, libomolewe. Likaletwa tingatinga. Hoza akalipigia ngoma, tingatinga halikucheza. Bi Tunu akaliinulia upawa. Tingatinga haliogopi maharage. Lilipokaribia ukuta, akaruka mbele yake Injinia Mbwambo, mwenye kampuni ya ujenzi, akatanua mikono.

"Zima! Jengo hili nalichukua mimi. Paa jipya likianguka, na liniangukie mimi na wanangu, maana tutalala humu."

Wakamkubalia. Akaezeka upya, akazibua mitaro, akavuta maji na umeme. Kisha akagawa: juu watu walale, chini watu wanunue, katikati watu wacheze ngoma. Maguniani ikang'aa. Hata jina likabadilishwa, ikaitwa Bustani ya Utamaduni, ingawa bustani yenyewe ilikuwa miti miwili ndani ya ndoo.

Wakahamia wapangaji wapenda utamaduni. Hawakukaa sana, wakalalamika kwamba utamaduni unawapigia kelele. Ngoma zikakatazwa mchana kwa kuwa watoto wamelala, zikakatazwa jioni kwa kuwa wazazi wamechoka. Moshi wa kuni nao ukakatazwa, Bi Tunu akahamishwa na mafiga yake. Ukafunguliwa mgahawa ulioitwa Kwa Bi Tunu. Uliuza maharage, kijiko kimoja katikati ya sahani pana, na jani juu yake.

Bi Tunu akasema ngoja nikayaonje. Askari wa getini akamzuia.

"Mama, unamtembelea nani?"

"Bi Tunu."

Askari akaitazama picha ukutani. Akamtazama mwanamke aliyesimama chini yake. "Huyo haishi hapa."

Bi Tunu akakaa chini pale pale, akalia. Hakulia siku ya nondo. Siku hiyo alilia. Hoza akatoa ngoma, akaipiga mchana kweupe. Mtaa mzima ukajaa getini, na mwenyekiti wa halmashauri akaja mbio kuzima aibu.

"Jamani, tulieni! Kimebaki chumba kimoja mikononi mwa halmashauri, chumba cha boila, pale kiwanda kilipochemshia maji. Ufunguo huu hapa. Nitampa aliyeufufua mtaa huu, kiwe chake na cha kizazi chake. Humo ndani apige ngoma, afukishe moshi, hakuna wa kumuuliza."

Bi Tunu akafuta machozi, akainua mkono uliopinda. "Nisingebaki mimi, mngefufua nini? Mngekuta mashimo."

Hoza akasema, "Mama, wewe ulilinda maiti, na Mungu akulipe. Lakini aliyeipulizia pumzi ni mimi."

Injinia akasema, "Mama yangu, ndugu yangu, bila mimi nyote mngekuwa chini ya kifusi. Pumzi isiyo na paa hunyeshewa."

"Na nani aliyetutoa chini ya hilo paa?" akauliza Hoza.

"Wapangaji. Na wapangaji waliletwa na picha zako. Nisipowasikiliza watahama, paa litaoza tena."

"Kweli," Bi Tunu akamgeukia Hoza. "Wenye magari uliwaita wewe."

"Nami nilikaribishwa na nani, mama?"

Mwenyekiti akauhamisha ufunguo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kutoka wa kushoto kwenda wa kulia. Mwishowe akasema jambo hili linahitaji semina. Akamkabidhi askari ufunguo, akaenda semina.

Nanyi mlioketi hapa, msinikimbilie semina. Askari kasimama, ufunguo u mkononi, na watatu hao wanamtazama. Ampe nani: aliyebaki, aliyepuliza, au aliyeezeka?