Pimbi, Fisi na Laptopu ya Harusi

Paukwa!

"Pakawa."

Mbona mnaitika kama mmekunywa uji wa jana? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa mapangoni. Mkewe, Bi Tunu, alifariki, na sauti yake ikabaki mahali pamoja tu: kwenye video ya harusi yao, ndani ya laptopu. Pimbi akila peke yake, anaiwasha. Akilala peke yake, anaiwasha. Upweke unauma, jamani, msiusikie kwa watu.

Fisi akanusa habari kwamba kwenye video ile kuna sinia la mishikaki. Akaja, puu! akaibeba laptopu.

Asubuhi anatazama mishikaki, mate chururu. Jioni anatazama mishikaki, mate chururu. Mpaka laptopu ikachoka. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, mishikaki haiji. Akamwita Pimbi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Itengeneze, la sivyo nakutafuna wewe!"

"Tuiwekee Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Ila kwanza tuuonje kwa flashi, tuone kama mashine itaukubali."

Akachomeka flashi, akawasha. Ti! Kioo kikang'aa.

"Kioo?" Pimbi akaanza kukagua, akijijibu mwenyewe.

"Kimekubali."

"Vitufe?" Ta-ta-ta.

"Vimekubali."

"Intaneti?"

"Imekubali."

"Na mishikaki?" Fisi akadakia.

Pimbi akafungua folda ya video. Tupu! Mfumo wa flashi huonyesha vyake tu. Vya laptopu vimo palepale kwenye diski, lakini mpaka uifungue diski yenyewe. Pimbi hakuifungua.

"Si unaona mwenyewe, mzee? Hakuna kitu."

"Nimehangaika na debe tupu! Ondoa takataka yako!"

Pimbi huyoo, mbio na laptopu yake. Sauti hakuijaribu kule, aliogopa isije ikakataa. Pangoni akaifungua diski. Video ipo. Bi Tunu akatokea, akafumbua kinywa. Kimya. Pimbi akabonyeza, akapandisha sauti, akabonyeza tena.

"Pimbi! Njoo ule, mume wangu, chakula kinapoa!"

"Nakuja, Tunu!" Akaruka, akageukia jikoni.

Jiko halina moto. Hakuna mtu.

Akarudi kukaa, akaianza video upya.

Ngano yangu nimeitua. Mwenye kucheka acheke, mwenye kulia asinilowanishie mkeka. Na funzo lake ni hili: uongo haumfikishi mtu popote. Ukinyang'anywa chako, tulia tu, fisi atakurudishia kwa huruma zake.